Machozi ya Nadal si maigizo

Kaka, unasema filamu ya Federer, yule bingwa wa tenisi, kustaafu ni siku 12 za watu wazima kulia, na kwamba mpinzani wake Nadal alikuwa anaigiza. Kulia wanalia kweli, hapo sikubishii. Hata mimi kule mwishoni nilishachoka na kukumbatiana. Ila kwa Nadal umemwonea. Amecheza na Federer mara 40 tangu 2004 na kumshinda 24, halafu usiku ule wa Septemba 2022 pale London, mechi ya mwisho ya Federer, wakasimama upande mmoja wa wavu, wawili kwa wawili, wakafungwa na Sock na Tiafoe. Mtu uliyepimana naye ubavu miaka 18 akiaga, unaona na zamu yako inakuja (na kweli, 2024 naye akaaga).

Mimi kasoro ninayoiona ni nyingine. Ningetaka hadithi ianzie kwenye goti la Federer. Lilipasuliwa mara tatu kati ya 2020 na 2021, na mechi yake ya mwisho ya mmoja kwa mmoja, mashindano ya Wimbledon 2021, Mpolandi Hurkacz alimlaza seti ya tatu 6-0. Mshindi wa Wimbledon mara 8! Mimi nililia siku ile.