Saa nyingine nilikuwa maabara

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umepiga hesabu mwenyewe: vipindi 22 vya kufundisha kwa wiki, kila kimoja dakika 40, havifiki hata saa 15. Ukauliza, "Mama, saa nyingine zote ulikuwa wapi?" Una haki ya kuuliza, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinisubiri.

Chukua praktikali moja tu ya Kemia, titresheni ya kidato cha nne, yaani kudondosha asidi kwenye besi kidogo kidogo mpaka zimalizane nguvu, na kupima kiasi kilichotumika. Wanafunzi 60. Kila mmoja anahitaji kama mililita 120 za besi, na asidi kiasi hicho hicho; kwa hiyo natengeneza zaidi ya lita saba za kila kimoja. Mtaalamu wa maabara hatukuwa naye. Besi yenyewe ni ile kostiki soda wanayopikia sabuni, gramu nne kwa lita, na siwezi kuiandaa wiki nzima kabla, kwa kuwa hunyonya hewa ya ukaa, nguvu yake ikabadilika. Maji ya bomba hayafai. Tulikuwa tunanunua maji ya betri, yale yaliyoondolewa madini, kituo cha mafuta. Asidi naimimina kwenye maji, polepole, kamwe si maji kwenye asidi, madirisha yote wazi.

Kisha nafanya jaribio lote mwenyewe mpaka majibu matatu yakaribiane. Jioni zangu nyingi ziliishia hapo. Nikikosea kupima, mtoto atafuata kila hatua sawasawa na bado apate jibu la ovyo. Hatajua kwamba aliyekosea ni mwalimu. Atasema Kemia haimwingii, na ataiacha. Mwanangu, nisingeweza kupanda daladala nirudi nyumbani na hilo moyoni.

Kuosha vyombo, andalio la somo, azimio la kazi, zamu, hayo sikuelezi. Madaftari uliyaona mezani. Ila yule aliyesoma msingi kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza cha kubahatisha, nami natafuta kama amelielewa jambo lenyewe. Kuweka alama ya kosa ni kufumba na kufumbua. Kumwelewa, hata dakika tano.

Najua swali lako limeanzia wapi. Siku ya mahafali yako ya darasa la saba nilikuwa nakamilisha maandalizi ya praktikali ya moko, ule mtihani wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Nikakwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, nikafika viti vinakusanywa. Ulikuwa umekaa na bibi yako, umenishikia soda yangu, imeshapata joto. Nilikwambia tu, "Nilikuwa na kazi." Sikukueleza kazi gani, na sikukuomba radhi. Naomba leo.

Mama yako