Mama wa miaka 74 anayeshinda kwenye kochi

Mnataka mama huyu aachane na kochi na aanze kujongea. Kama alikuwa mkulima kabla hamjamleta mjini, mazoezi ya kwenye simu ataona mchezo wa watoto. Mpe bustani, lakini isiyomlazimisha kuinama. Chukua ndoo 4 au 5 za lita 20, toboa matundu chini, zipange juu ya benchi imara usawa wa kiuno chake. Jaza udongo debe 2 kwa samadi iliyooza debe 1. Samadi mbichi huunguza miche. Aanze na mchicha, maana unachumwa ndani ya wiki 3 au 4, kabla hajakata tamaa.

Amwagilie kwa kopo la lita moja. Safari nyingi za kopo ndizo mazoezi yenyewe, kwa hiyo msimvutie mpira wa maji. Weka karibu kiti chenye mikono, akae na kuinuka mwenyewe. Hapo ndipo mapaja yanapopata nguvu. Kama anatumia dawa za presha, ainuke polepole na asimame kidogo kabla ya kupiga hatua, kwani presha inaweza kushuka ghafla akakosa mizani. Kandambili kwenye sakafu yenye maji, hapana kabisa. Avae viatu vyenye kisigino kilichofungwa.

Wengi huharibu kwa huruma: “Mama pumzika, nitamwagilia mimi.” Baada ya wiki mbili bustani ni ya dada wa kazi. Mboga ya Jumamosi itoke kwake, na akisahau kumwagilia, mmuulize yeye.