Gavana wa Benki Kuu kuwa rais: Sarkis alivunja Katiba ya Lebanon?

Swali: Wakili, ibara ya 49 ya Katiba ya Lebanon inamzuia mtumishi wa umma wa daraja la kwanza kuchaguliwa rais akiwa kazini, hadi ipite miaka miwili tangu aache kazi. Mbona Elias Sarkis alichaguliwa 1976 ilhali ni gavana wa Benki Kuu?

Jibu: Hakuvunja kitu. Aya hiyo iliingizwa 1990, kwenye marekebisho yaliyofuata makubaliano ya Taif, ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Sarkis alifariki 1985. Zama zake njia ilikuwa wazi. Fuad Chehab, aliyemlea kisiasa, alichaguliwa 1958 akiwa mkuu wa jeshi.

Sarkis alisomea sheria Chuo Kikuu cha Saint Joseph, Beirut, akawa hakimu wa Mahakama ya Hesabu za Serikali, kisha Chehab akamchukua Ikulu. Benki Kuu alipelekwa baada ya Intra Bank, benki kubwa kuliko zote nchini, kuanguka Oktoba 1966. Hakuwa mtu wa majukwaani, na 1970 nusura awe rais: duru moja ilifutwa kwa kuwa zilihesabiwa kura 100 na wabunge ni 99! Iliporudiwa, Suleiman Frangieh akapata 50, yeye 49.

Kilichorekebishwa 1976 ni ibara ya 73, inayohusu muda. Kwa kawaida Bunge huchagua rais mwezi mmoja hadi miwili kabla ya aliyepo kumaliza. Vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilishapamba moto na wengi walitaka Frangieh aondoke, hivyo ikaruhusiwa kumchagua mrithi hadi miezi sita kabla. Sarkis akachaguliwa 8 Mei, lakini Frangieh hakung'oka mpaka 23 Septemba, muhula wake ulipokwisha. Mrithi akaapishwa hotelini Chtaura, bonde la Bekaa.

Kwa gavana wa leo, kizuizi kipo, ila wanasiasa wa Lebanon wana namna zao. 1998 Katiba ilirekebishwa kwa mara moja tu ili Émile Lahoud, mkuu wa jeshi, apite. 2008 Michel Suleiman, naye mkuu wa jeshi, alipita bila marekebisho. Januari 2025 Joseph Aoun, mkuu wa jeshi pia, alipata kura 71 duru ya kwanza, 99 ya pili. Hoja ya wanaomtetea ni kwamba 99 zilivuka 86, ambayo ndiyo theluthi mbili ya wabunge 128, idadi ile ile inayotakiwa kurekebisha Katiba. Mimi hainiridhishi: kurekebisha Katiba kuna hatua zake, na kura ya siri ya kumchagua mtu si mojawapo.