Chumba cha kuota jua

Wiki hii mmeuliza: "Ni sehemu gani ya nyumba uliyoipamba mwenyewe, na ulianzia wapi?" Yangu ni kibaraza cha nyuma nilichokizungushia vioo, hapa Njombe. Nilianzia kwenye kigoda cha bibi.

Mtu wa Dar es Salaam atashangaa kusikia kuna watu wanajenga chumba cha kulitafuta jua. Aje huku Juni au Julai, ukungu umekaa mlangoni na maji ya bomba yanauma vidole. Bibi, enzi za uhai wake, akimaliza uji tu alitoka na kigoda kuota jua, na miezi hiyo alikaa palepale, ukuta wa kaskazini. Alikuwa sahihi kabisa. Sisi tupo kusini mwa ikweta, kama nyuzi 9, kwa hiyo Juni hata saa sita mchana jua linapita upande wetu wa kaskazini. Desemba linahamia kusini, na ukuta ule unapata kivuli wakati wa joto. Fundi alitaka vioo vitazame barabarani ili nyumba ipendeze. Barabara iko kusini. Nilikataa katakata, na nawasihi wenzangu: kabla ya kununua hata kitambaa, kaeni pale siku nzima mwone jua linaingilia wapi na linatokea wapi.

Kwenye rangi nilikosea. Nilipaka manjano ya ndizi mbivu nikidhani ndiyo rangi ya jua. Siku ya kwanza ya jua kali tulikunywa chai tumekunja nyuso, ukuta unatumulika. Shangazi alipokuja akaniuliza, "Mwanangu, udongo wote huu hapo nje, na wewe unanunua rangi?" Tukasiriba. Udongo mwekundu tuliutwanga, tukauchekecha kwa kitambaa chepesi, tukachanganya na mchanga laini na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ushike. Kwanza tulikwaruza ile rangi ya mafuta, maana udongo haukamati kwenye utelezi. Mikono miwili ilitosha, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Asubuhi ukuta unafanana na tofali lililotoka tanuruni, na ikifika saa kumi na moja jioni unakuwa damu ya mzee. Usiuweke tu mahali mvua inapopiga.

Viti ni vya mianzi, mkeka ni wa ukindu, vikapu ni vya milulu vya Iringa. Vitenge sikuviweka, maana nyuma ya kioo vinapauka upesi. Mapazia ni marekani niliyoichemsha na maganda ya vitunguu na shabu kidogo, ikatoka rangi ya asali. Nayo nimeitundika pembeni, jua lisiipige moja kwa moja.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote ni chungu cha Kikisi, yaani cha Wakisi, wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa. Nilikinunua Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, ambako akina mama wa kijiji cha Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi. Nilikipakata kwenye basi safari nzima, nimekivika sweta langu. Kipo kwenye kizingiti cha dirisha, kimejaa maji. Chumba kikipata joto, chungu kinatoka jasho na maji yanabaki ya baridi. Kwa nje kimesuguliwa mpaka kinang'aa, lakini ukiingiza mkono, ndani ya shingo, unakuta kishimo cha kidole gumba cha mama aliyekifinyanga. Binti yangu ana miaka sita. Kila akichota maji anaingiza gumba lake pale. Bado hakijai.