Fedha za kumlinda chura anayetoweka

Umeuliza kikundi chenu kidogo kianzie wapi, baada ya wafadhili wakubwa kukataa ombi lenu la kumlinda chura aliye hatarini kutoweka. Msikate tamaa. Jaribuni Rufford Foundation, au Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund, mfuko unaotoa hadi dola 25,000 kwa mradi na haubagui vyura wala wadudu.

Ila kabla ya kuandika tena, tafuteni mshirika. Hapo ndipo ningeweka nguvu zaidi. Mtaalamu wa vyura kutoka chuo kikuu au makumbusho atawasaidia kuwahesabu na kueleza hadhi yao kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN (orodha ya kimataifa inayoonyesha spishi ziko hatarini kutoweka kwa kiasi gani), ambayo wafadhili wengi huitazama. Na wakazi wa jirani na makazi ya chura huyo waingie tangu mwanzo, wakiwa na kauli kwenye bajeti. Ombi lisilowataja mimi nisingelifadhili.