Viumbe hai "vyote" au "wote"?

SWALI: Kikundi chetu cha kupanda mikoko hapa Bagamoyo kinaandaa bango la wanafunzi wa sekondari. Mmoja kaandika "Viumbe hai vyote vinahitaji nishati". Mwingine kafuta, akaweka "wote wanahitaji". Lakini mikoko nayo ni viumbe hai, na tunasema "mikoko inahitaji". Tuchapishe ipi?

JIBU: Chapisheni "wote wanahitaji". Kiumbe ana umbo la KI-VI, ila upatanisho wake ni kama wa kiboko na chura: kiumbe huyu, viumbe hawa. "Viumbe vyote" mtaisikia sana kwenye mawaidha, ambako kiumbe ni chochote kilichoumbwa, hata jiwe. Ndiyo maana "hai" haikuongezwa bure. Maji, chumvi na tope viiteni "vitu visivyo hai".

Kinachowatatiza ni kwamba biolojia na sarufi haziweki mpaka wa uhai mahali pamoja. Kwa biolojia, mchu, ambao ni aina ya mkoko, una uhai sawasawa na kaa: unakua, unapumua kwa mizizi iliyochomoza topeni kama penseli, na chumvi iliyozidi unaitoa kwenye majani, lambeni jani mtaionja. Sarufi inahesabu watu na wanyama tu. Kwa hiyo kaa anapumua, mchu unapumua. Tazameni neno linalotawala kitenzi:

"Mikoko inajitengenezea chakula."
"Mikoko ni viumbe hai wanaojitengenezea chakula."

Mti ni uleule, ila katika sentensi ya pili kirejeshi kimeshikwa na "viumbe".

Pagumu ni pale mnyama anapokutana na mti katika sentensi moja. "Kaa na mikoko wanategemeana" inakwaruza sikio, na "inategemeana" inakwaruza zaidi. Tumieni hu-, maana haibebi ngeli: "Kaa na mikoko hutegemeana." Kaa huburuta majani yaliyoanguka hadi shimoni akayala, na mashimo yake huingiza hewa kwenye tope. Ila hu- ni ya mazoea, haikai na jana. Kwa tukio lililopita, gaweni sentensi: "Mikoko ilikatwa, kaa wakahama."

Bakteria wafuate A-WA: bakteria mmoja, bakteria wanaoozesha majani. Virusi vibaki KI-VI: virusi vinaingia kwenye seli. Msidhani wanasarufi walijua kwamba kirusi hawezi, samahani, hakiwezi kuzaana nje ya seli. Neno lilikuja na "vi" yake mdomoni, watu wakalichongea umoja.