Jibu: Foro-bai-foro ya haibridi ya kuchaji, inadumu kweli?

Mkuu umeuliza kama foro-bai-foro ya haibridi ya kuchaji (yenye injini ya petroli na mota ya umeme, betri yake kubwa unaichomeka kwenye umeme) inadumu au ni pasua kichwa. Mimi ninayo mwaka wa 3 sasa na jibu langu ni inategemea unaitumiaje. Kwenye mawe na matope mota ya umeme ni raha tupu, nguvu inakuja hapo hapo ukigusa tu pedeli ya mafuta, unapanda taratibu bila injini kuunguruma. Ila usidhani kimya kile ni bure, betri ni nzito na ukizama kwenye tope utajua.

Kilichonisumbua sio betri kubwa, ni ile ndogo ya volti 12, ikifa gari lote linakuwa bati tu hata kama kubwa imejaa chaji, asubuhi moja nilikwama hivyo hivyo nyumbani (aibu!). Halafu ukiendesha umeme tu wiki hadi wiki petroli inachakaa kwenye tenki, kwahiyo injini inajiwasha yenyewe kuitumia, usishtuke sio ugonjwa.

Kama huna pa kuchaji nyumbani achana nayo, utabeba mzigo wa bure. Na hakikisha waranti ya betri bado ipo, ukinunua yuzdi hapo ndo pa kuuliza kwanza kabla ya rangi na rimu